Mume na Mke Wangojapo Mtoto

Somo kwa watu wa ndoa, na kwa waalimu wawafundishao

Katika mafundisho ya ndoa twazoea kusema sana juu ya siku ya arusi, tena juu ya malezi ya watoto wakiisha kuzaliwa. Lakini kati ya mambo haya mawili pana safari ya miezi 9 na zaidi, ambayo wengi huipita bila kufundishwa neno lo lote. Mke huchukua mimba, mume huendelea na shamba lake au kazi yake ya mshahara, na kila mmoja hudhani kwamba mwenzake ayajua yaliyomo moyoni mwake. Mtoto akizaliwa watu hushangilia na mbuzi huchinjwa, wala hapana aulizaye kama wale wawili wangali pamoja.

Nasi tuliopewa kazi ya kusikiliza mashauri ya ndoa tumeona mara nyingi kwamba ugomvi uletwao mbele yetu mwaka wa tano ulizaliwa siku moja na mtoto wa kwanza. Mke husema, “Nilipokuwa katika taabu hukuwako.” Mume husema, “Tangu apatikane mtoto, mimi si mtu tena nyumbani mwangu.” Wote wawili husema kweli. Kwa hiyo twataka kuitazama safari hii hatua kwa hatua, tujue jinsi mume na mke wawezavyo kuifuata bila kuachana mioyo.

1. Miezi ya kwanza, ambayo mzigo hauonekani

Mimba huchukua kadiri ya majuma 40, yakihesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Katika majuma 12 ya mwanzo tumbo halijaonekana, na watu wa nje hawajui neno. Walakini ndiyo majuma ambayo wanawake wengi huona taabu nyingi: kichefuchefu, kutapika, usingizi mzito, kuchukia harufu ya chakula walichokipenda jana, na machozi yasiyo na sababu ya kuonekana. Mambo haya si ukaidi wala si deko. Mwili wake unageuzwa na nguvu ziitwazo homoni, ili upate kumtunza mtoto. Hata kufika miezi ya mwisho, damu iliyomo mwilini mwake huwa imeongezeka karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo kwanza, na moyo wake hauna budi kuisukuma damu hiyo yote. Basi, mume akimwona mkewe ameketi karibu na jiko kabla ya saa sita, asiseme kwamba amekuwa mvivu. Hata akiwa ameketi, mwili wake unafanya kazi.

Wazee walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliye pembeni huona mzigo mwepesi, kwa kuwa hakuubeba. Mume hawezi kuichukua mimba, lakini aweza kuuliza uzito wake. Naye mke asingoje mpaka mume atambue mwenyewe, maana wanaume wengi hawakufundishwa kuzitambua dalili hizi. Na aseme waziwazi: “Leo nimechoka, naomba maji yatekwe na mwingine.”

Tena tusisahau kwamba mume naye ana hofu yake. Huwaza juu ya fedha, na juu ya nyumba iliyo ndogo. Wengine huogopa kumpoteza mke katika kuzaa, kwa sababu walimwona mama au dada akifa hivyo. Lakini mwanamume amefundishwa tangu utoto asitaje hofu. Basi huiondoa nyumbani na kuipeleka kilabuni, akarudi usiku watu wamelala. Mke naye, asiyeijua hofu ile, aona dharau tu. Hivyo hofu mbili zisizosemwa hugeuka kuwa ugomvi mmoja.

Tumkumbuke Elkana, mume wa Hana, ambaye habari zake zimo katika kitabu cha kwanza cha Samweli. Alimpenda mkewe, wala hapana awezaye kukana. Alipomwona akilia na kukataa chakula, alimwuliza sababu. Lakini hakungoja jibu. Palepale akajitaja mwenyewe kuwa faraja impasayo mkewe, yenye kupita faraja ya wana wengi. Hana akaondoka, akaenda kulia mahali pengine. Waume wengi wema hufanya kama Elkana: huuliza vizuri, kisha hujijibu wenyewe. Ndugu, ukiisha kuuliza, nyamaza usikilize.

2. Kwenda kliniki pamoja

Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba mja mzito aonane na watu wa afya mara 8 kwa uchache, na mara ya kwanza iwe kabla ya kutimia majuma 12. Kabla ya hapo shauri lilikuwa mara 4. Kliniki hupimwa msukumo wa damu, wingi wa damu, mkojo, ukuaji wa mtoto, na magonjwa yawezayo kumfikia mtoto, kama kaswende na virusi vya UKIMWI.

Watu husema, “Hayo ni mambo ya wanawake.” Twauliza: Je, mtoto ni wa wanawake tu? Mume aendaye kliniki na mkewe, hata kama ni mara chache, hupata faida tatu. Kwanza, husikia kwa masikio yake mwenyewe maneno ya mkunga, wala mkewe hatakuwa na kazi ya kumsadikisha usiku kwamba kweli aliagizwa kupumzika. Pili, hupimwa pamoja naye, wala mmoja haachwi peke yake na habari nzito. Tatu, husikia mapigo ya moyo wa mtoto. Wanaume wengi husema ya kwamba hapo ndipo walipoanza kuwa baba.

Dalili hizi za hatari yafaa mume na mke wazijue wote wawili kwa moyo: kutoka damu, kuumwa sana na kichwa, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, maumivu makali ya tumbo, maji ya uzazi kutoka kabla ya wakati, na mtoto kupunguza kucheza au kuacha kabisa. Ikionekana hata moja, wasingoje asubuhi.

Hapa ndipo mapatano ya mume na mke yanapokuwa jambo la uhai na mauti. Waganga wachunguzao vifo vya wazazi hutaja ukawiaji wa namna tatu: kukawia kuamua kwenda hospitali, kukawia njiani, na kukawia kuhudumiwa baada ya kufika. Ukawiaji wa pili na wa tatu hutegemea barabara, magari, na hospitali yenyewe. Lakini ule wa kwanza huwa nyumbani. Tuseme mke ameamka saa nane ya usiku, kichwa chamwuma mno, macho yaona giza. Akiwa amezoea kukemewa kila asemapo ameumwa, atanyamaza hata kukicha. Akiwa amezoea kusikilizwa, atamwamsha mumewe mara moja. Kwa hiyo mazungumzo yao ya miezi yote iliyotangulia ndiyo yatakayoamua kama atanyamaza au atasema usiku ule. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kabla ya mwezi wa nane na wapatane mambo haya: atazalia hospitali gani, gari litapatikana kwa nani usiku, fedha ipi imewekwa akiba, isiguswe kwa neno jingine, nani atatoa damu ikihitajiwa, nani atabaki na watoto wakubwa na mifugo, na nani ana ruhusa ya kuamua kama mume yu safarini. Neno hili la mwisho lina maana sana. Mume aliye mbali na amwambie mkewe, na wakwe wasikie: “Ukiona hatari usiningoje. Nenda.”

3. Saa ya uchungu

Uchungu wa mimba ya kwanza huweza kuchukua saa nyingi, hata usiku kucha na mchana wake. Tangu zamani wanawake hawakuachwa peke yao saa hiyo; mama, shangazi, na wakunga wa mtaa waliwazunguka. Walipoanza kuzalia hospitali walipata usalama zaidi, lakini mara nyingi walipoteza wenzao, wakalala kitandani wakitazama ukuta. Sasa elimu imerudi kulishuhudia jambo ambalo bibi zetu walilijua. Uchunguzi uliokusanywa pamoja na kutolewa mwaka 2017, wa wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi 17, ulionyesha kwamba mwanamke aliye na mtu wa kumtegemeza wakati wote wa uchungu huelekea zaidi kuzaa kwa njia ya kawaida, na kupasuliwa hupungua. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likashauri tena kwamba kila azaaye awe na mwenzi amchaguaye mwenyewe.

Angalieni neno hili: amchaguaye mwenyewe. Mke akimtaka mumewe, na hospitali ina nafasi ya faragha, mume asione haya. Kazi yake si ya uganga. Amshike mkono, ampanguse jasho, ampe maji, amsugue mgongo, amwambie kwamba yupo. Mke akimtaka mamaye, mume asikasirike wala asidhani amekataliwa. Tena katika hospitali nyingi vitanda vya uzazi vimekaribiana, na mwanamume hawezi kuingia pasipo kuwavunjia heshima wanawake wengine. Hapo na akae karibu, asirudi kijijini kungoja simu. Apeleke uji, apeleke salamu kwa kinywa cha muuguzi, ili mkewe ajue kwamba ng’ambo ya ukuta ule mtu wake yuko macho.

Na mtoto akiisha kuzaliwa, mume asiulize kwanza kama ni mwanamume au mwanamke. Na aulize, “Mke wangu hajambo?” Neno hili mke atalikumbuka miaka yote.

4. Siku za uzazi

Huku Kilimanjaro wazee wetu walimheshimu sana mwanamke aliyezaa. Alikaa ndani muda wa miezi mitatu, halimi wala habebi majani ya ng’ombe, akapikiwa mtori wa ndizi na nyama, akapewa maziwa na mafuta. Pwani nako kuna siku 40 za kumtunza mzazi. Hizi ni desturi njema, wala hatusemi ziachwe. Mwili uliozaa wahitaji kupona, na majuma 6 ya kwanza yana hatari zake, kama kutoka damu na homa ya uzazi.

Lakini tuangalie jambo moja. Katika desturi hizi mume mara nyingi husukumwa nje. Mama mkwe hushika nyumba, wanawake hujaa chumbani, naye baba hutakiwa kuleta nyama na kuni tu. Au mke huenda kuzalia kwao, na mume hukaa wiki nyingi hajamwona. Miezi mitatu ikipita hivyo, watu wawili hukutana tena kama wageni. Kwa hiyo mume na aombe kwa adabu nafasi yake. Kila jioni aingie, aketi karibu na mkewe, ampokee mtoto mikononi. Nanyi mama wakwe, mwacheni aingie, hamtapoteza heshima. Kama mke yuko kwao, mume aende kumtazama, na siku asizoweza kwenda apige simu, wala asizungumze na wazee pekee.

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hata 12 katika mchana na usiku. Basi mama hapati usingizi wa saa nne mfululizo. Mume hawezi kunyonyesha, lakini aweza kumbeba mtoto akiisha kushiba ili acheue, aweza kumbadili nguo, kuteka maji, kupika uji, na kufua nepi. Akichekwa, na ajue kwamba jambo hili ni la zamani. Mwaka 1522 Martin Luther, katika kitabu chake juu ya maisha ya ndoa, aliandika habari za baba afuaye nepi za mtoto wake na majirani wakamcheka kuwa amegeuka mwanamke. Luther alifundisha kwamba Mungu na malaika wake hufurahi juu ya baba yule, kwa sababu aifanya kazi hiyo kwa imani. Sisi tujiitao wanafunzi wa mwalimu huyu tutasema nini?

Nao walioajiriwa wajue haki yao. Katika Tanzania Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mama likizo ya malipo ya siku 84, au 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, na baba siku 3 kwa uchache. Siku 3 ni chache. Basi zisitumiwe kuzunguka kupokea pongezi.

Siku chache baada ya kuzaa wanawake wengi hulia bila kujua sababu. Hali hii huondoka yenyewe katika majuma mawili. Lakini huzuni ikipita majuma mawili, mama akawa hapendi kula, halali hata mtoto akilala, ajiona hafai kitu, hamtazami mtoto, au asema afadhali afe, huo ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani hukadiri kwamba katika nchi kama zetu karibu mmoja katika wanawake watano waliozaa hupatwa na ugonjwa wa moyo na akili, hasa sonona. Tusiseme amerogwa, wala tusimhukumu kwamba hana imani. Apelekwe kwa waganga, asiachwe peke yake, naye mume awe wa kwanza kuona, maana ndiye amjuaye alivyokuwa kabla. Baba naye aweza kushikwa na huzuni hiyo. Asione aibu kusema.

5. Kitanda cha ndoa

Neno hili hatuwezi kulificha, kwa kuwa ndoa nyingi huvunjika hapa. Wakati wa mimba, kama mkunga hakukataza kwa sababu ya damu au hatari nyingine, mume na mke hawamdhuru mtoto wakikutana. Lakini kama mke hawezi, asilazimishwe. Baada ya kuzaa yafaa kungoja hata mwili upone, na mara nyingi husemwa majuma 6. Hata hapo ni mapatano, si amri.

Wengi huogopa kumbemenda mtoto, wakidhani kwamba mume na mke wakikutana maziwa huharibika. Maziwa hayaharibiki hivyo. Wazee walikuwa na shabaha njema, yaani watoto wasifuatane upesi, na shabaha hiyo ingali njema: yashauriwa ingojwe miezi 24 kwa uchache kabla ya kuchukua mimba nyingine. Siku hizi zipo njia za kupanga uzazi, na wawili waweza kwenda pamoja kuulizia. Hatari kubwa ni mume kujitenga na mkewe miaka miwili, kisha akatafuta mwingine huku akisema, “Nalinda mtoto.” Huyo halindi mtoto. Mama akiambukizwa virusi vya UKIMWI wakati anyonyeshapo, hatari ya kumfikia mtoto huwa kubwa sana. Katika siku za kungoja, mkono ulioshikwa na maneno ya upole si vitu vidogo. Mke ajuaye kwamba apendwa hata asipoweza kutoa kitu, huyo hurudi kwa mumewe kwa furaha.

6. Ikiwa mtoto hakuishi

Si kila safari huisha kwa shangwe. Mahali pengi mimba iliyoharibika haifanyiwi matanga, na mtoto aliyezaliwa mfu huzikwa upesi, mama hata hajamwona. Watu husema, “Mtapata mwingine.” Mume hurudi kazini siku ya pili, naye mke aona kwamba analia peke yake. Kumbe mume naye alia, lakini shambani, mahali asipoonekana.

Luther na mkewe Katharina walizaa binti, Elisabeth, mwezi wa Desemba 1527. Akafa mwezi wa Agosti 1528, hajatimiza miezi 8. Mwalimu yule aliyesimama mbele ya wafalme bila kutetemeka alimwandikia rafiki yake kwamba anastaajabia jinsi moyo wake ulivyolegea, wala hakudhani kabla ya hapo kwamba moyo wa baba huweza kulainika hivyo kwa ajili ya mtoto. Hakuficha. Basi waume wa Kikristo wasifiche. Mlieni mtoto wenu pamoja. Mpeni jina mkipenda, litajeni. Msitafute mwenye kosa kati yenu, maana mimba nyingi huharibika bila kosa la mtu ye yote.

7. Desturi ndogo ya jioni

Mambo haya yote hayawezekani kwa siku moja. Twawashauri watu wa ndoa waanze na desturi ndogo. Kila jioni, kabla ya kulala, wakae kitambo kidogo bila simu na bila wageni, kila mmoja amwulize mwenzake maneno matatu: Leo umechoka nini? Leo umeogopa nini? Kesho nikusaidie nini? Aulizaye asikilize hata mwisho, asibishe. Kisha wasali pamoja, au wanyamaze pamoja. Mtoto aliye tumboni husikia sauti katika miezi ya mwisho. Ni vema sauti mbili azisikiazo ziwe zinazungumza kwa amani.

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Nao watakaolea pamoja na waanze kubeba pamoja.

Maswali kwa ajili ya mazungumzo

1. Katika mtaa wetu ni desturi zipi za uzazi zinazomtunza mama? Ni zipi zinazomtenga mume?
2. Elkana alifanya nini vizuri, na alipungukiwa na nini?
3. Tajeni dalili za hatari bila kutazama karatasi. Usiku, gari lapatikana kwa nani katika kijiji chetu?
4. Katika usharika wetu, ni nani awatembeleaye waliofiwa na mtoto mchanga, na je, humwuliza baba pia?
5. Kila mume na amwulize mkewe leo: “Mtoto wetu alipozaliwa, nilikuwa wapi?” Na asikilize jibu.